Kutafuta Mashine ya Kunong'ona

Nianze kwa kusema kwamba mimi sikuwa na haja ya mashine yoyote. Kwa miaka arobaini na sita nilikuwa na Wasyl. Mume wangu alikuwa dereva wa greda wa wilaya yetu huku Saskatchewan, miaka thelathini na mmoja, kiangazi akisawazisha changarawe, kipupwe akisukuma theluji, na hapakuwa na kona wala shimo asilolijua. Tukisafiri yeye anaendesha, mimi nimekaa kiti cha pembeni natazama bustani za watu. Nani kapanda maua gani, nani kapaka ghala lake rangi mbaya. Ukiniuliza tulipita njia ipi, sijui. Ningejuaje, na ramani yangu ndiyo imeshika usukani?

Kisha Wasyl akaanza kusahau. Kwanza majina ya vyombo vya jikoni, halafu siku za wiki, halafu asubuhi moja akaniita kwa jina la dada yake aliyekwisha kufa, na wala hakugutuka. Daktari akaandika barua, leseni ikachukuliwa, na mimi bibi wa miaka sitini na tisa nikahamia nyuma ya usukani wa Buick yetu, yeye akahamia kiti changu. Ila kitu kimoja hakikumtoka: barabara. Mtu asiyekumbuka kama amekunywa chai anakwambia punguza mwendo, mbele kuna mchanga, kisha kata kushoto kwa Olynyk. Nami nakata kushoto kwa Olynyk, ingawa Olynyk alihama mwaka sabini na nne, nyumba yake ikabomolewa, na pale pamebaki kichaka cha maua tu. Sisi ndivyo tunavyoelekezana. Mahali ni pa mtu wa kwanza aliyepalima, hata kama baadaye wamepita wengine watatu. Mgeni asipoelewa, shauri yake.

Tukaishi hivyo, na tukaishi vizuri, mpaka mwezi wa tano wa mwaka ule wa 2009. Tulikuwa tunakwenda kwenye mazishi mchana, Wasyl akasema tushuke bondeni tuvuke daraja la Sadok. Tukashuka. Daraja halikuwepo. Lilikuwa limeng'olewa miaka minane nyuma, na aliyesimamia kung'olewa kwake ni Wasyl huyo huyo. Gari likazama kwenye tope, tukakaa saa nne nzima tunamumunya pipi za kikohozi mpaka dereva mpya wa greda alipotuona. Wasyl alikuwa anatazama tu pale daraja lilipokuwa.

Binti yetu Lorna akazipata habari kabla hatujafika nyumbani. Lorna ni mwalimu mkuu, na husema na kila mtu kana kwamba amechelewa mstarini. Mwaka ule alikuwa amehamia nyumba mpya kando ya ziwa, maili sitini kutoka kwetu, njia ambayo sijawahi kuishika. Akanipigia simu akakata maneno: ninunue GPS, niiweke kwenye gari, na Jumapili ya Sikukuu ya Shukrani, mwezi wa kumi, nije kwake na baba yake, mimi mwenyewe nikiendesha. Tukifika salama, funguo ni zangu. Tukipotea tena, funguo atazitundika kwake ukutani, gari litauzwa, na sisi tutahamia kwenye vyumba vya wazee mjini, ghorofa ya tatu, dirisha linatazama maegesho.

Sikubishana naye. Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Nikajizungusha kiangazi kizima. Mwezi wa tisa nikaona siku zinaniishia, nikamchukua Wasyl tukaenda kwa Garnet Prokop. Garnet ana duka nyuma ya kituo cha mafuta, anafunga redio za magari na ving'ora vya wezi, na siku hizo mashine za njia pia. Nilimfundisha nyimbo za kanisani akiwa hana meno ya mbele, kwa hiyo hathubutu kunidanganya. Akatupangia mashine tatu juu ya kaunta.

Mimi nilikuwa na maswali yangu. Inajuaje tulipo? Akasema satelaiti. Ngapi? Ishirini na kitu, zinazunguka huko juu. Nikauliza kama zinatuona nikiwa nimevaa vibaya. Akacheka, akasema, hapana shangazi, hazikuoni, wewe ndiye unayezisikia. Kila moja inataja saa yake bila kuchoka, na mashine inapiga hesabu saa ile imechelewa kiasi gani kufika, basi inajua imekaa wapi. Nikalitafakari jambo hilo nimesimama pale. Saa zinatajwa angani mchana na usiku, na kisanduku kama kipande cha mkate kinasikiliza na kupiga hesabu. Nilivutiwa, nakiri. Nikauliza na huyu mwanamke anayesema humo ndani ni nani, anaishi wapi, ana mume? Garnet hakujua, na nikamwambia ni aibu kuuza mtu usiyemjua.

Wasyl alikuwa ameziinamia zile mashine, mikono mgongoni. Sasa, kwetu mtu akidai anaijua wilaya tunamjaribu kwa swali moja: Shule ya Zorya iko wapi? Shule yenyewe ilifungwa mwaka sitini na moja, ikaungua sitini na nane, lakini njia panda ile tunaiita hivyo mpaka leo. Wasyl akamwomba Garnet aiulize mashine. Garnet akaandika, mashine ikafikiri, ikatuletea chuo cha ususi huko Calgary. Wasyl akacheka mpaka akakohoa. Akasema huyu hajui kitu.

Halafu kicheko kikamwisha. Akaitazama mashine, akanitazama mimi.

"Sasa hiki kikishaingia garini," akasema, "mimi nitakuwa nafanya nini mle?"

Garnet akainama kama anatafuta bisibisi. Nami nikajifanya nasoma bei kwenye boksi. Ila pale pale kwenye kaunta nilijua kwamba kufika kwa Lorna ni nusu ya kazi. Nilikuwa natafuta mashine ya kunifikisha bila kumtoa mume wangu kwenye kiti chake.

Garnet ana utaratibu mzuri, hakuuzii mpaka ujaribu. Ya kwanza ilikuwa ile kubwa inayoingia mahali pa redio, ameifunga kwenye gari lake la maonyesho, akatuazima alasiri moja. Kioo chake kinalingana na dirisha la jiko, na yule mwanamke anasema kwa spika nne, mbele na nyuma. Wasyl akafungua mdomo aniambie habari za mchanga, mwanamke akasema. Akafungua tena, akasema tena. Mara ya tatu akaufunga. Huku tukipishana na gari lolote tunainua kidole kimoja kusalimia, na Wasyl tangu awe abiria alikuwa anakiinua kutoka kwenye goti lake. Siku ile tulipishana na watu watatu tunaowajua, kidole hakikuinuka. Nikalirudisha gari kabla alasiri yangu haijaisha.

Ya pili inabandikwa kwenye kioo cha mbele kwa kifyonzi cha mpira. Hiyo nilikaa nayo siku nne. Kwenye changarawe ilikuwa inabanduka na kuniangukia mapajani, mara moja katikati ya kona, na nikasema maneno ambayo Wasyl hakuwahi kuyasikia kwangu. Tena ina kiburi. Ukiacha njia yake inakwambia inapiga hesabu upya, kwa sauti ile ile ya Lorna. Wasyl aligombana nayo njia nzima, nami nikafikiri, haya, angalau anasema. Lakini tulipofika nyumbani alikuwa amechoka, akaniuliza yule mwanamke ana ugomvi gani na sisi. Nikairudisha nayo.

Ya tatu Garnet aliionea haya. Ya zamani, ndogo, boksi lake limepauka. Lakini nilikuwa nimeishika dukani kwa saa nzima nikibonyeza kila kitu, na nikagundua mambo matatu. Ina mguu mfupi, unaweza kuiweka chini kabisa, kwenye pembe ya mlango wa dereva. Sauti yake inashuka mpaka inakuwa pumzi. Na unaweza kuandika humo mahali pako mwenyewe, kwa jina lako mwenyewe, pakawekwa kibendera. Nikamwambia Garnet ndiyo hii.

"Shangazi, kila mtu anakuja hapa anataka sauti kubwa," akasema. "Wewe unataka mashine ya kunong'ona?"

"Ndiyo. Na inong'oneze mimi peke yangu."

Zilibaki wiki mbili na nusu. Kila siku baada ya chakula cha mchana tulitoka na Wasyl kuijaza. Yeye anasema simama, mimi nasimama, nabonyeza, naandika. Kwa Olynyk. Shule ya Zorya. Kilima cha ng'ombe waliopigwa radi. Pale Steblo alipoangusha kinanda cha kanisa. Nilikuwa nimepita sehemu hizo maisha yangu yote nikiangalia maua, kumbe kila kona ilikuwa na kisa, na mwenye visa nimekaa naye meza moja. Nikawa na hamu kama msichana. Nikitoka asubuhi kulisha kuku nawaza leo atatoa kipi. Kuna kona moja Jumatatu aliiita kwa Fedoruk, Jumatano akaiita kwa Hlady. Nikamwuliza, mzee wangu, ipi ni ipi? Akasema zote mbili, inategemea unakwenda mwaka gani. Nikaandika zote mbili. Tulipomaliza kulikuwa na vibendera themanini na tatu, na Wasyl alidhani ile mashine ni daftari langu.

Jumapili ikafika. Tukaondoka saa tano asubuhi, jua limewaka, baridi kidogo. Nilikuwa nimepika kabichi iliyofungiwa wali na nyama, ile Lorna anayoipenda tangu mtoto, sufuria nzima nimeifunga taulo. Nikamwekea Wasyl mapajani nikamwambia hiki chakula ni cha Lorna, usikiachie. Akakikumbatia.

Maili thelathini na tano za kwanza zilikuwa raha tupu. Kutoka mlangoni mwangu mwanamke ananong'ona kwamba baada ya mita mia nane nigeuke kulia, na kutoka upande wa pili Wasyl anasema jiandae, unakata kulia kwa Sawchuk. Nimekaa katikati ya watu wawili wanaokubaliana na hawajuani. Kidole cha Wasyl kilikuwa kinapanda na kushuka kwenye goti kwa kila gari. Nikaanza kuimba.

Tukafika njia panda baada ya kwa Sawchuk. Mwanamke akanong'ona: geuka kulia, kisha endelea kilomita tano.

"Nenda moja kwa moja," akasema Wasyl. "Hapo kulia hapana barabara."

Barabara ilikuwepo. Niliiona kwa macho yangu, changarawe inapanda kilima, na kwenye kioo cha mashine mstari umenyooka kama rula. Nikasimama katikati ya njia panda. Hakuna gari, hakuna mtu, upepo tu kwenye mabua ya ngano. Nikaliona daraja la Sadok, tope, pipi za kikohozi. Nikaliona na lile dirisha la ghorofa ya tatu. Nikimfuata Wasyl na amekosea, yameisha. Nikiifuata mashine na imekosea, yameisha vile vile, na juu ya hayo nitakuwa nimemwambia mume wangu kwa vitendo kwamba neno lake si kitu tena. Nikamwuliza anajuaje.

"Mama Lorna, hiyo ni barabara ya karatasi," akasema, bila haraka. "Wapimaji waliichora, sisi hatukuijenga. Juu ya kilima inakwisha. Nilikuwa nageuzia greda pale."

Sasa hilo linawezekana. Nchi hii ilikatwa miraba na wapimaji kabla ya babu zetu kufika, kila baada ya maili moja au mbili mstari wa barabara, na mstari haukuuliza kama chini kuna mlima au maji. Mingi ilijengwa. Mingine imebaki kwenye karatasi mpaka leo. Lakini na daraja la Sadok nalo aliniambia bila haraka.

Nikazima gari. Nikamwambia aningoje, nikatoka na viatu vyangu vya kanisani, nikakipanda kile kilima kwa miguu. Nilifika juu nahema. Changarawe iliishia pale pale. Palikuwa na duara kubwa ardhini, nyasi zimeanza kulifunika, duara la mtu aliyegeuza mashine nzito mahali pamoja miaka na miaka. Mbele ya duara majani marefu, na chini yake maji, mapana, yamejaa bata wanaojikusanya kwenda kusini. Kama ningeshuka kilima kile kwa mwendo wangu, tungeogelea na kabichi. Nikakaa pale juu zaidi ya nilivyohitaji. Satelaiti ishirini na kitu, na hakuna hata moja iliyowahi kugeuza greda hapa.

Niliporudi Wasyl alikuwa hajakiachia chakula cha Lorna. Akaniuliza kama kuna bata. Nikamwambia wengi. Akasema huwa wapo.

Basi tukaenda moja kwa moja. Akanipitisha maili mbili, akaniambia barabara itaruka kando kidogo, ndipo pale wapimaji walipokumbuka kwamba dunia ni mviringo wakaisogeza mistari yao, na kweli ikaruka. Mwanamke wangu alikuwa ananong'ona nigeuze gari, nigeuze gari, mpaka tulipoingia barabara ya lami akanyamaza, akatulia, akaanza upya kwa adabu. Na nisiseme uongo, maili saba za mwisho ni zake. Huko ziwani ni nyumba mpya tupu, vijia vimejikunja ovyo, Wasyl hakuvijua, akasinzia na sufuria yake. Yule mwanamke alinishika mkono kona kwa kona mpaka uani kwa Lorna.

Lorna alikuwa barazani na aproni, anatazama saa. Nyuma yake, kando ya mlango, niliona ndoano mpya ukutani, haina kitu. Nikashuka. Akaniuliza kama mashine imetuleta. Nikamwambia mashine nusu, baba yako nusu, na kama si baba yako sasa hivi ungekuwa unatutafuta kwa mtumbwi. Akamgeukia baba yake. Wasyl alikuwa ameshuka mwenyewe, amesimama kando ya gari, sufuria kifuani. Lorna akashuka ngazi akanyoosha mikono kumpokea.

Wasyl akageuza bega.

"Samahani, mama," akamwambia, kwa adabu ile tunayowapa watu tusiowajua. "Hiki chakula ni cha binti yangu. Tunampelekea Lorna."

Mikono ya Lorna ilibaki hewani. Nikataka kusema, Wasyl, ni yeye, huyo hapo, na nikaona machoni mwa Lorna ananiomba nisiseme. Akajifuta mikono kwenye aproni, taratibu, ingawa ilikuwa mikavu.

"Basi umefika, mzee," akasema. "Nipe mimi, nitampa."

"Chote?"

"Chote."

Wasyl akamchunguza usoni, kisha akamkabidhi. "Na umwambie njia ni nzuri," akasema. "Ila asije akakata kulia baada ya kwa Sawchuk."

"Nitamwambia," akasema Lorna, akaingia ndani na sufuria, akakaa huko muda mrefu.

Tukala bata mzinga, tukala kabichi. Katikati ya chakula Wasyl akasema, Lorna, nisogezee chumvi, kana kwamba hakuna kilichotokea, na Lorna akaisogeza, kisha akainuka kwenda kutazama pai ambayo ilikuwa imeshaiva. Funguo zilikuwa mezani kando ya sahani yangu. Nilikuwa nimeziweka hapo makusudi. Sikutaka zichukuliwe nikiwa sioni.

Tulipoaga, jua bado liko juu, Lorna akazichukua. Akatusindikiza mpaka kwenye gari, akanifungulia mlango, nikaketi, naye bado amezishika. Hapo ndipo akaiona mashine pale chini kwenye pembe ya mlango. Akainama. Akaanza kuvisoma vile vibendera kimoja kimoja, kwa sauti ndogo. Kwa Olynyk. Kilima cha ng'ombe waliopigwa radi. Kwa Fedoruk, kwa Hlady. Akaniuliza haya kayatoa nani. Nikamwambia baba yako, na hajamaliza.

Akasoma mpaka mwisho. Kisha akauliza kwake mbona hakumo. Nikamwambia hilo amwulize mwenye kazi.

Akazunguka gari. Wasyl alikuwa ameshafunga mkanda, ameshusha kioo, anaingoja safari. Lorna akaweka mkono dirishani.

"Mzee, hapa tulipo," akamwuliza, "panaitwaje?"

Wasyl akaitazama nyumba, akautazama mti mmoja mwembamba uliopandwa juzi, akalitazama ziwa. Halafu akamtazama yeye kwa huruma.

"Hapa ni kwa Lorna," akasema. "Wewe ni mgeni huku?"

Lorna akarudi upande wangu. Akaandika mwenyewe, kidole kimoja, herufi baada ya herufi, kibendera cha themanini na nne. Akaniwekea funguo mkononi, akavifunga vidole vyangu juu yake. Nikawasha gari. Mashine niliiacha inanong'ona pale mlangoni, maana mimi si mjinga, kisha nikamwuliza mume wangu tupite wapi.